Udongo Kama Chujio: Namna ya Kusafisha Majitaka kwa Njia ya Asili katika Kaya na Taasisi za Masakta



Ndoo ya maji inapoingia nyumbani, kila mwanakaya hujua imetoka wapi, imechukua muda gani na ni nani aliyeibeba. Maji hayo hayo yakishatumika kufulia, kuogea au kuoshea vyombo, ni wachache wanaouliza yamekwenda wapi. Mengi humwagwa uani, mengine huelekezwa njiani, na yale ya chooni huachwa shimoni kwa matumaini kwamba ardhi itayameza na habari yake itakuwa imekwisha. Habari yake haijaisha. Maji yaliyomwagwa juu ya mteremko hushuka, na katika nchi yenye miinuko na mabonde kama hii ya Hanang na Mbulu, chini ya mteremko aghalabu kuna kisima, kijito au lambo ambalo watu na mifugo hulitegemea.

Somo la toleo hili linahusu namna udongo, mchanga, kokoto na mimea vinavyoweza kusafisha majitaka kabla hayajafika huko chini. Limekusudiwa kwa wakuu wa kaya, mafundi ujenzi, kamati za shule na zahanati, na viongozi wa vitongoji na vijiji vya Masakta na kata jirani. Njia zinazoelezwa hapa hazihitaji umeme wala dawa za viwandani. Zinahitaji kipimo sahihi, mahali sahihi na utunzaji wa kila mara. Palipokosekana kimojawapo kati ya hivyo vitatu, chujio hugeuka kuwa chanzo cha uchafuzi.

Majitaka ni ya aina gani

Kabla ya kujenga chochote, ni lazima kutenganisha aina mbili za majitaka, kwa kuwa kila moja ina tabia yake.

Aina ya kwanza ni maji ya jikoni, bafuni na ya kufulia. Haya yana sabuni, mafuta, mabaki ya chakula na udongo. Vijidudu vya maradhi vimo pia, hususan pale zinapofuliwa nguo za watoto wachanga, lakini kwa kiasi kidogo kuliko maji ya chooni. Kaya nyingi za vijijini zenye vyoo vya shimo huzalisha maji ya aina hii peke yake, na ndiyo yanayoonekana yametuama nyuma ya nyumba yakizaa mbu.

Aina ya pili ni maji ya chooni, yaani yale yaliyochanganyika na kinyesi na mkojo kutoka vyoo vya kumwagia maji. Haya hubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na mayai ya minyoo. Taifa letu linajua gharama yake. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, na chanzo chake kikuu kilikuwa kile kile cha siku zote: kinyesi kufika kwenye maji ya kunywa.

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: maji ya chooni hayaingizwi moja kwa moja kwenye udongo wa bustani. Lazima yapite kwanza kwenye karo, ambamo tope hutuama. Maji ya jikoni na bafuni yanaweza kuelekezwa kwenye udongo baada ya kuondolewa mafuta na taka ngumu.

Udongo unavyofanya kazi

Mwaka 1892 mji wa Hamburg nchini Ujerumani ulikumbwa na kipindupindu kilichoua zaidi ya watu 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umepakana nao kiasi kwamba mpaka ulipita katikati ya mitaa. Miji yote miwili ilichota maji katika mto mmoja, Elbe, na Altona ndiyo iliyochota chini zaidi, mahali ambapo uchafu wa Hamburg ulikuwa umekwisha kuingia mtoni. Hata hivyo, Altona iliepuka maafa yale kwa kiasi kikubwa. Tofauti ilikuwa moja: Altona iliyapitisha maji yake polepole kwenye mabwawa ya mchanga kabla ya kuyagawa, na Hamburg haikufanya hivyo. Daktari Robert Koch, bingwa wa elimu ya vijidudu, alilichunguza jambo hilo, nalo likawa miongoni mwa ushahidi mkubwa kwamba mchanga uliotunzwa vema huzuia maradhi.

Kazi hiyo hufanyika kwa njia tatu zinazosaidiana.

Njia ya kwanza ni kuchuja. Chembe za uchafu na mayai ya minyoo, ambayo ni makubwa kuliko bakteria, hunaswa katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo.

Njia ya pili ni kunata. Chembe za mfinyanzi na mboji huvuta na kushikilia vitu vidogo zaidi, vikiwamo virusi na madini ya fosfati. Ndiyo maana mchanga mtupu wenye chembe kubwa, ijapokuwa hupitisha maji haraka, husafisha kidogo kuliko udongo tifutifu.

Njia ya tatu, iliyo kuu, ni kazi ya viumbe hai. Katika udongo wenye hewa huishi bakteria wasio na madhara kwetu, ambao hula uchafu na kuugeuza kuwa hewa, maji na virutubisho. Vimelea vya maradhi vilivyozoea joto la tumbo la mwanadamu hujikuta ugenini, hukosa chakula, huliwa na viumbe wengine na hatimaye hufa.

Zingatia maneno haya: udongo wenye hewa. Udongo uliojaa maji wakati wote hauna hewa, na bakteria hao hawawezi kufanya kazi yao ipasavyo. Hapo ndipo harufu mbaya na utelezi mweusi huanza. Kwa hiyo chujio la udongo lazima lipewe maji kwa kiasi linachoweza kumeza, na kati ya chini ya chujio na maji ya ardhini pabaki udongo mkavu wa kutosha.

Yapo pia mambo ambayo udongo hauyawezi. Kinyesi na mkojo huzalisha naitreti, ambayo huyeyuka na kusafiri pamoja na maji hadi kisimani. Naitreti nyingi katika maji ya kunywa ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Vivyo hivyo, chumvi za sabuni hazitoweki. Hali kadhalika floraidi, madini yaliyomo kwa asili katika maji ya ardhini ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa, mkoa wetu wa Manyara ukiwamo, na ambayo hubadilisha rangi ya meno na kudhuru mifupa, haiondolewi na chujio la mchanga wala na bustani ya matete. Asitokee fundi akaahidi kwamba maji yaliyopita kwenye udongo yanafaa kunywewa.

Ujue udongo wako kabla ya kuchimba

Udongo hutofautiana hata ndani ya kiwanja kimoja. Udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, haumezi maji sawa na udongo tifutifu wa mteremkoni. Jaribio lifuatalo halina gharama, na kila kaya inaweza kulifanya.

Chimba shimo lenye upana wa sentimita 30 hadi kufikia kina kile kile unachokusudia mfereji uwe. Kwaruza kuta zake kwa ncha ya panga ili zisiwe na utelezi wa jembe. Jaza maji hadi kina cha sentimita 30, uendelee kuongeza kwa muda wa saa nne, au uyaache usiku kucha, ili udongo ushibe. Kesho yake mimina maji hadi kina cha sentimita 15, simika kijiti chenye alama, kisha pima maji yameshuka kiasi gani baada ya nusu saa. Kutokana na kipimo hicho, kokotoa dakika ambazo maji huchukua kushuka milimita 25.

Maji yakishuka milimita 25 kwa chini ya dakika 5, udongo unapitisha upesi mno. Maji yatafika chini kabla hayajasafishwa, hivyo ongeza tabaka la udongo tifutifu au utafute mahali pengine. Yakichukua zaidi ya dakika 60, udongo ni mzito mno kwa mfereji wa kunyonyea wa kawaida. Yakiwa kati ya viwango hivyo, mahali panafaa. Jaribio lifanywe sehemu mbili au tatu za kiwanja, na ikiwezekana wakati wa mvua, kwa sababu udongo uliokauka hudanganya.

Inafaa kujua kwamba maji machafu humezwa polepole kuliko maji safi, kwa kuwa utando wa bakteria huziba sehemu ya matundu ya udongo. Vipimo vinavyotumiwa na wataalamu kwa matumizi ya muda mrefu ni hivi: kwa kila mita moja ya mraba ya ukuta wa mfereji, mchanga wa kadiri humeza takriban lita 50 kwa siku, mchanga laini lita 33, udongo tifutifu lita 25, na udongo wenye mfinyanzi mwingi lita 10. Mfinyanzi mtupu haufai kabisa.

Mfereji wa kunyonyea kwa kaya

Chukulia kaya ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku kwa kuoga, kufua na kuosha vyombo. Jumla ni lita 120 kwa siku. Iwapo udongo ni tifutifu, gawanya 120 kwa 25, utapata mita za mraba 4.8 za ukuta. Sakafu ya mfereji haihesabiwi, kwa sababu ndiyo huziba mapema. Mfereji wenye urefu wa mita 3 na kina cha kokoto cha sentimita 80 una kuta mbili ndefu zenye jumla ya mita za mraba 4.8, nao unatosha. Ikiwa udongo una mfinyanzi mwingi, kaya ile ile itahitaji mita za mraba 12, yaani mfereji wa kina hicho wenye urefu wa mita 7.5. Hapo msomaji anaona kwa nini kuiga shimo la jirani bila kupima udongo ni kupoteza fedha.

Ujenzi wake hufuata hatua hizi. Kwanza, jenga mtego wa mafuta: chemba ndogo, au hata ndoo kubwa yenye mfuniko, ambamo maji huingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili kupitia bomba lililoinamishwa chini ya uso wa maji. Mafuta huelea, mchanga hutuama, na maji ya katikati hutoka yakiwa na uchafu kidogo. Pili, chimba mfereji ukifuata kontua, yaani uukate mteremko, usiteremke nao. Tatu, jaza kokoto safi zilizooshwa hadi kina ulichokokotoa. Nne, laza bomba lenye matundu juu ya kokoto, lifunike kwa kokoto kidogo, kisha tandaza nyasi kavu au gunia ili udongo usipenye. Tano, fukia kwa udongo wa sentimita 30 na uinue kidogo katikati ili maji ya mvua yasituame.

Kaya isiyo na uwezo wa kununua bomba na kokoto inaweza kuanza na duara la migomba. Chimba shimo la mviringo lenye upana wa takriban mita moja na nusu na kina kisichozidi mita moja, weka udongo uliochimbwa pembezoni kama tuta, jaza shimo kwa matawi, majani makavu na mabua ya mahindi, kisha panda migomba au mipapai juu ya tuta. Maji ya bafuni huelekezwa ndani ya majani hayo, yasionekane juu. Mimea hunywa, majani huoza na kuwa mboji, na kila yanapobonyea huongezwa mengine. Duara likianza kujaa maji hata siku isiyo ya mvua, limezidiwa; chimba la pili na uyatumie kwa zamu.

Karo na bustani ya matete kwa shule na zahanati

Taasisi yenye vyoo vya kumwagia maji huzalisha maji mengi kwa wakati mfupi, na shimo moja la kunyonyea huzidiwa upesi. Kwa taasisi kama hizo, njia iliyokwisha kujaribiwa hapa nchini ni karo linalofuatiwa na ardhioevu ya kujengwa, ambayo katika somo hili tunaiita bustani ya matete.

Wazo lake lilianza kufanyiwa utafiti wa kisayansi nchini Ujerumani katika miaka ya 1950 na Daktari Käthe Seidel, aliyeonesha kwamba mimea ya majini husaidia kusafisha maji machafu. Tanzania ilianza kulifanyia kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990. Wahandisi wa chuo hicho, wakiwamo Profesa Tolly Mbwette na Profesa Jamidu Katima, walishiriki kuandika mwongozo wa usanifu unaolingana na joto na mimea ya nchi za tropiki. Bustani za namna hiyo zilijengwa baadaye katika maeneo kadhaa, yakiwamo mabwawa ya majitaka ya Mabogini mjini Moshi na Chuo cha Ualimu Kleruu mjini Iringa. Nchini Kenya, ardhioevu ya kujengwa ilianza kutumika jijini Nairobi mwaka 1994.

Bustani hii ni nini hasa? Ni kitanda cha kokoto kilichochimbwa ardhini, chenye sakafu na kuta zisizovuja, ambamo maji husafiri polepole chini ya uso wa kokoto, kati ya mizizi ya matete. Maji hayaonekani, hivyo hakuna mbu wala harufu. Utando wa bakteria walioshika kwenye kokoto na mizizi hula uchafu. Mizizi nayo hupitisha hewa kidogo, hushikilia kokoto na kuzuia njia za maji zisizibe.

Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 200 ambao kila mmoja hutumia lita 10 kwa siku chooni na kunawa. Majitaka ni lita 2,000 kwa siku. Maji hayo yanapaswa kukaa kitandani kwa siku nne, kwa hiyo kitanda kiweze kubeba lita 8,000, yaani mita 8 za ujazo. Kwa kuwa kokoto huacha nafasi ya takriban asilimia 40 tu, gawanya 8 kwa 0.4, utapata mita 20 za ujazo za kitanda. Kina cha maji kikiwa nusu mita, eneo linalohitajika ni mita za mraba 40: urefu wa mita 10 kwa upana wa mita 4. Kokoto zipande hadi sentimita 60 ili uso ubaki mkavu. Sakafu iinamishwe sentimita moja kwa kila mita, kuelekea upande wa kutokea.

Kabla ya kitanda lazima liwepo karo lenye vyumba viwili au zaidi. Kwa shule ya mfano wetu, karo la lita 6,000 litawezesha maji kutulia huku nafasi ya tope ikibaki. Kazi ya karo ni kuzuia tope lisifike kwenye kokoto. Bustani nyingi zinazokufa huuawa na tope la karo lililosahauliwa.

Sakafu ya kitanda inaweza kuwa zege, karatasi nene ya plastiki, au mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Hapa ule udongo mzito ulioshindwa katika jaribio la kunyonya hugeuka kuwa neema, kwa kuwa huzuia maji yasipotee. Matete huchimbwa kutoka bondeni yakiwa na mizizi, hukatwa na kupandwa vipande vinne hadi vitano kwa kila mita ya mraba, na huachwa yashike kwa maji ya kawaida kabla majitaka hayajaruhusiwa kuingia. Hesabu hizi ni za kuanzia mjadala. Michoro ya taasisi lazima ipitiwe na mhandisi wa halmashauri na afisa afya kabla jembe halijainuliwa.

Mahali pa kujenga

Hata mfereji uliopimwa vizuri huleta madhara ukijengwa mahali pabaya. Yafuatayo yazingatiwe.

Umbali kutoka kwenye kisima au chemchemi usipungue mita 30, na mfumo uwe upande wa chini wa kisima, kamwe usiwe wa juu. Penye miamba yenye nyufa, mita 30 hazitoshi, kwa kuwa maji hupita katika ufa bila kusafishwa.

Kutoka sakafu ya mfereji hadi maji ya ardhini wakati wa masika, pabaki mita 2 za udongo. Fundi wa visima wa kijiji anaweza kueleza maji hupanda hadi wapi mvua zinapokolea.

Kingo za mito, maziwa na mabwawa zina ulinzi wa kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kudhuru vyanzo hivyo ndani ya mita 60.

Usijenge katika mkondo wa maji ya mvua, hata kama mkondo huo umekauka kwa miaka mingi. Wana Hanang hawahitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka Katesh na vijiji vya jirani na kuchukua maisha ya zaidi ya watu 80. Maji ya nguvu kiasi hicho hubomoa nyumba, na hufukua pia vyoo na makaro, yakayasambaza yaliyomo hadi visimani. Mkondo wa maji uachwe uwe wa maji.

Aidha, ardhioevu ya asili isifanywe dampo kwa kisingizio kwamba matete husafisha. Kampala imejifunza hilo katika bonde la Nakivubo, ambalo kwa miaka mingi lilipokea majitaka ya jiji kabla hayajafika Ziwa Viktoria. Bonde lilipozidiwa na kupunguzwa kwa ujenzi na mashamba, uwezo wake wa kusafisha ulipungua, huku maji ya kunywa ya jiji yakiendelea kuchotwa katika ziwa hilo hilo. Bustani ya matete tunaijenga ili kulilinda bonde la asili.

Utunzaji

Chujio la udongo ni kiumbe hai, na kama mfugo yeyote, linahitaji mchungaji. Mtego wa mafuta usafishwe kila wiki, na mafuta yafukiwe mbali na maji. Karo lifunguliwe na kupimwa kila mwaka kwa mti mrefu, na tope likifika theluthi moja ya kina, liondolewe na gari la majitaka. Kwa kawaida huwa kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Tope hilo lisimwagwe shambani, kwa sababu mayai ya minyoo huweza kuishi ndani yake kwa miaka.

Matete yakatwe kila yanapokomaa. Mifugo izuiwe kwa uzio, kwa maana ng'ombe mmoja akikanyaga kitanda kilicholowa huharibu kazi ya miezi. Gari lisipite juu ya mfereji, na miti mikubwa isipandwe karibu na bomba. Dawa kali za kuulia vijidudu, mafuta ya mashine, viuatilifu na mabaki ya dawa za zahanati yasiingizwe kamwe, kwa kuwa huwaua wale bakteria tunaowategemea.

Dalili za mfumo uliozidiwa ni tatu: maji kutokeza juu, harufu, na nyasi za kijani kibichi kupita kiasi katika ukanda mmoja wakati wa kiangazi. Ukiona mojawapo, punguza maji au upumzishe mfereji huo na kutumia wa pili. Udongo uliopumzika hukauka, hupata hewa na hurudisha sehemu ya uwezo wake. Kwa sababu hiyo, anayeweza kujenga mifereji miwili ya zamu amefanya busara.

Kutumia maji yaliyosafishwa

Katika nchi ya ukame wa miezi mingi, lita 2,000 kwa siku ni mali. Maji yanayotoka kwenye bustani ya matete yana virutubisho na yanafaa kumwagilia miti ya matunda, miti ya kivuli ya shule na majani ya mifugo. Bado yana vimelea kadhaa, kwa hiyo hayafai kwa kunywa, kuoga, wala kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi kama nyanya na kachumbari ya vitunguu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasisitiza vizuizi vingi vinavyofuatana: kusafisha maji, kuchagua zao, kumwagilia chini ya mmea bila kurusha juu ya majani, kuacha siku kadhaa kabla ya kuvuna, na kuosha na kupika mazao. Kizuizi kimoja kikivunjika, vingine hubaki.

Hitimisho

Kaya inayochimba mfereji wake vizuri haijilindi peke yake. Humlinda aliye chini ya mteremko, ambaye pengine hatajua kamwe. Kaya inayoacha maji yake yashuke humtwisha jirani mzigo wa homa ya mtoto wake. Sheria ndogo na ukaguzi vina nafasi yake, lakini makubaliano ya kitongoji, kwamba kila aliye juu atamfikiria aliye chini, yana nguvu kuliko faini. Pale penye mteremko mmoja, hakuna maji ya mtu binafsi.

Wananchi wenye nia ya kujenga wanaombwa kuanza kwa afisa afya wa kata au ofisi ya mtendaji wa kijiji, wakiwa na matokeo ya jaribio la udongo mkononi. Taasisi zipeleke maombi kupitia kamati zao mapema, kabla ya msimu wa mvua.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kitongoji

1. Katika kitongoji chenu, chora mteremko: vyanzo vya maji viko wapi, na ni kaya au taasisi zipi zilizo juu yake?

2. Kaya ya watu wanane hutumia lita 15 kila mtu kwa siku, na udongo wao ni mchanga laini unaomeza lita 33 kwa mita ya mraba. Mfereji wenye kina cha kokoto cha sentimita 80 uwe na urefu gani? (Jibu: takriban mita 2.3.)

3. Kwa nini maji yaliyopita kwenye bustani ya matete hayafai kunywewa, hata yakionekana maangavu?

4. Ni nani katika shule au zahanati yenu mwenye jukumu la kupima tope la karo kila mwaka, na kumbukumbu zake ziko wapi?